Kasiksi ya Mapipa Mawili

Shangazi alizikwa Uvira, Kongo, siku ya Jumanne, na Jumamosi yake mpwa wangu Patient akanipeleka kunywa bia. Mimi naishi Ubelgiji. Karatasi zangu za kusafiria zilikuwa zimelala kwenye ofisi moja ya watu wanaopenda kukaa na karatasi za wenzao, kwa hiyo mazishi niliyafuata kwa simu: nyimbo, upepo wa ziwa, mtu anakohoa karibu na simu. Sikulia. Patient aliona silii, akaingiwa na woga. "Mama mudogo, tutoke kidogo," akasema, "unaweza kufa hapa kwa kuangalia ukuta." Akanipeleka kwenye nyumba ya matofali iliyokuwa zamani ghala, ambako wanauza bia inayolazwa ndani ya mapipa ya mbao. Kijana mwenye ndevu alituletea bilauri ndogo nne juu ya ubao, akaanza kuzitambulisha kwa upole kama anatuonyesha watoto wake. Hii imelala mwaka mzima kwenye pipa lililokuwa na divai nyekundu. Hii, miezi kumi na minane kwenye pipa la wiski. Patient alikunywa, akafumba macho, akaniuliza, "Unasikia nini, mama mudogo?" Nikamjibu, "Mbao." Alicheka sana. Lakini nilikuwa nimesikia zaidi ya mbao, na nilikuwa nimevisikia vyote kabla kijana wa ndevu hajafungua mdomo: zabibu kavu, ndimu mwishoni, sukari iliyoungua, moshi. Kazi hiyo niliijua tangu nikiwa na miaka kumi na minane.

Nitasimulia mwaka mmoja tu. Ni mwaka wa vita ya pili ya Kongo, ule ambao kazi yangu ilikuwa kunywa kwanza. Niliifanya kila mtungi ulipotoka, mpaka siku moja nilipokataa, na kwa ajili ya siku hiyo moja mtu aitwaye Papa Lukeba alikufa. Nalisema mapema ili asiwepo wa kuningojea nimwokoe huko mbele. Sikumwokoa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa mtaa wa Kimanga, Uvira, vyumba vitatu na kibanda cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi manne na meza moja yenye mguu uliofungwa kamba, na hapo wateja walikaa: walimu ambao serikali iliwasahau, wapagazi wa bandari ya Kalundu, wazee waliokuja kusikiliza redio ya shangazi na kubishana nayo. Shangazi alipika kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Ndizi unazizika shimoni na majani yake, unawasha moto mdogo wa moshi pembeni, siku nne. Zikitoka zimeiva, unazikanda kwa mikono na majani makavu mpaka maji yake yatoke, unachuja, unaongeza maji ya kawaida, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika. Kesho kutwa watu wanakunywa. Siku ya tano imekuwa siki, unaoshea nayo sufuria. Kasiksi haingoji mtu, na kabla ya mwaka ule sikuwahi kusikia mtu aliyeilaza hata juma moja akashukuru.

Tena kwetu hakuna anayekunywa pombe ya mwenye nyumba kabla mwenye nyumba hajainywa. Anayemimina anameza kwanza, mbele ya macho yenu, halafu anapitisha kopo. Ni adabu, na ni usalama, maana watu wa ziwa letu wanaogopa sumu kuliko risasi. Risasi unaisikia. Sumu, watu wanasema, inakaa: unapewa Jumapili, unakufa Jumatano, na aliyekupa ndiye anakuja kukuuguza na uji. Sasa shangazi alikuwa ameokoka. Miaka kumi na moja alikuwa hajaweka tone la pombe mdomoni, aliapa mbele ya kanisa zima akiwa amepiga magoti, na kiapo chake alikishika kuliko wengi wanavyoshika ndoa. "Mungu hakunikataza kupika," alikuwa akisema, "alinikataza kumeza." Mchungaji wake alijua kila kitu, na mara kwa mara alihubiri juu ya arusi ya Kana akiangalia upande mwingine. Kwa hiyo wa kumeza nilikuwa mimi. Kila mtungi uliotoka nyuma, mimi nilikunywa kwanza, wateja wakinitazama koo likishuka, kisha mazungumzo yakaendelea. Sikuiona kama kazi. Niliiona kama kufagia.

Mapipa yaliletwa na Papa Lukeba. Alikuwa fundi wa mitumbwi kule Kalundu, mtu mrefu mwenye vidole viwili vilivyokatwa ncha, na tangu wanajeshi wakataze watu kwenda ziwani hakuwa na mtumbwi wa kuunda. Fundi asiye na kazi ni shida nyumbani mwa watu. Alizunguka akitafuta cha kurekebisha, akarekebisha mabenchi yetu, mlango wetu, hata choo cha jirani ambaye hakumwomba. Siku moja akaja na mapipa mawili ya mbao juu ya mkokoteni. Moja alilipata parokiani, la divai ya misa, mapadri walipokuwa wameondoka na ghala kubaki wazi. La pili lilikuwa la wiski, Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa Kalundu alilifanya meza ya kuwekea taa, na alipokimbilia ng'ambo akamwachia. Papa Lukeba aliyatengeneza kama anavyotengeneza mtumbwi: aliziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mawese, akayafunga upya kwa vyuma vya lori, akayagonga kwa vifundo vya vidole huku ameweka sikio. "Hii ya padri iko naimba," alimwambia shangazi. "Ile ya Mugiriki iko na sauti ya mutu mulevi." Shangazi akamuuliza atayafanyia nini. "Minye sijue. Lakini bintu bizuri habikae inje." Mimi sijui, lakini vitu vizuri havikai nje.

Asubuhi tuliyokimbia, maji ya ndizi yalikuwa yamekwisha kukamuliwa, bado hayajatiwa maji ya kawaida. Risasi zilikuwa upande wa Kavimvira. Bidoni zetu zote za kuwekea maji wanajeshi walikuwa wamezichukua juma lililotangulia. Jirani zetu walikuwa wanafunga magodoro, na shangazi amesimama kati ya sufuria zake kama mtu aliyesahau jina. "Ndizi ya siku ine imwagike juu ya risasi? Wapi!" Akamimina yote ndani ya mapipa, nzito vile vile, akatupia mtama mwekundu wa Kamanyola na asali yote iliyokuwa ndani ya nyumba, maana asali nayo hangeiacha kwa wezi. Papa Lukeba alikuwa amekuja kutuchukua. Badala ya kubeba mizigo, akapiga nyundo vizibo, akaacha kwenye kila pipa kitundu chembamba kilichozibwa kwa pamba. "Iache ipumue," akasema. Nilimwona mwendawazimu. Tukapanda milimani.

Tulikaa kule miezi miwili, kwenye nyumba ya watu wa shangazi, tukila muhogo na majani yake, sombe isiyo na hata ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tukisikiliza wakubwa wakisema nani ameuawa kwa sauti ile ile waliyoombea chumvi. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imenyonyolewa kama kuku. Milango hakuna, vitanda hakuna, hata fremu za madirisha mtu alikuwa amezing'oa kwa subira. Mapipa yalikuwa pale. Mtu alikuwa amejaribu kulisukuma lile la padri, kiatu chake kikaacha alama kwenye vumbi, akachoka. Shangazi alisema tumwage siki hiyo tupate mahali pa kuwekea maji. Papa Lukeba akang'oa kizibo cha pipa la Mgiriki, akanusa, akanusa tena. Akaninusisha. Haikuwa siki. Alinimiminia kwenye kopo la bati, na wote wawili wakanitazama, kwa kuwa mimi ndiye ninayekunywa kwanza.

Sijui kama nilifurahi mwaka ule mara nyingine. Ile nilifurahi. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, tulivu, haina povu la fujo la kasiksi. Ilianza na ndizi, ndizi yenyewe, halafu ndizi ikakaa pembeni, ukaja moshi kama wa ndagala zinapokaushwa, ukaja ubao mpya, ikaja sukari iliyoungua chini ya sufuria, na kisha ule ukali wa wiski ukapita kooni polepole ukashuka hadi tumboni na kukaa pale kama mgeni aliyekaribishwa. Shangazi alinishika mkono. "Niambie." Nikasema iko tamu. Akaniminya. "Tamu hata sukari iko tamu. Niambie." Alikuwa ameipika maisha yake yote, na tangu alipookoka hakuijua tena ladha yake, na sasa amepika kitu ambacho hakuna mtu Uvira aliyekipika, na mdomo aliokuwa nao ni wangu tu. Basi nikaanza kutafuta maneno. Nilimwambia moshi. Nilimwambia ubao. Lile la padri nilimwambia liko na ndimu, na zabibu, na mwishoni lina harufu ya sakristia, kile chumba cha mavazi ya misa. Alicheka mpaka akakaa chini, kwenye nyumba isiyo na mlango, akijipiga paja. "Sakristia! Eeh Yesu, nisamehe!"

Tangu siku hiyo hatukutia maji tena. Tulipika kidogo, tukaijaza mapipani, tukaingoja, na kungoja lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu mwingine mjini alilifanya kwa hiari. Watu walikuja kutoka Kalundu hadi Kimanga kwa ajili ya nusu kopo. Wakajifunza kuuliza, "Leo ni ya padri ao ya Mugiriki?" na kugawanyika vikundi, na kubishana. Walimu walikuwa wa padri, wapagazi walikuwa wa Mgiriki. Mzee mmoja alisema ya padri inamkumbusha ubatizo wake, akaambiwa alibatizwa akiwa na miezi miwili, anyamaze. Shangazi watu wakamwita Mama Mapipa. Papa Lukeba alikuwa na kopo lake moja kwa siku, saa kumi alasiri, baada ya kuyageuza mapipa kidogo na kuyagonga. Alikuwa akishika funda mdomoni muda mrefu, macho kwenye ukuta, halafu anameza na kusema neno moja tu. "Inakomaa." Au, "Bado." Siku moja alisema, "Hii inatembea na mukongojo, lakini itafika," na shangazi aliyabeba maneno hayo juma zima.

Chumba changu kilitengwa na kile cha mapipa kwa ukuta wa udongo wenye tundu, kwa hiyo mazungumzo yao ya saa kumi niliyasikia yote, nikiwa nachambua maharage. Alitaka kumuoa. Hakusema kwa maneno ya kuoa. Alisema, "Hii nyumba inaomba mulango ya nguvu." Shangazi akajibu mlango mpya upo. "Mulango ya mbao laini. Minye niko na mbao ya muvule, niliificha." Shangazi akasema, "Vita ikiisha, Papa Lukeba." Naye akajibu, "Vita iko na mukongojo pia." Mara nyingine waliongea juu ya watu waliokufa, kwa orodha, bila huzuni, kama wanataja vijiji vya njiani. Kisha sauti ya shangazi: "Na Sifa? Atabaki na nani?" Sifa ni mimi. "Sifa iko na mudomo," akasema Papa Lukeba. "Mutu mwenye mudomo hapotee." Nilitabasamu peke yangu na maharage. Sasa nikikumbuka maneno hayo sisikii kitu, na hilo ndilo linalonishangaza.

Wanajeshi waliotawala mji walikuja mara ya kwanza wakiwa watatu, mkubwa wao tulimwita komanda tu. Sikuuliza alitoka wapi. Mwaka ule mtu aliyeuliza hivyo alikuwa anatafuta matatizo. Alikuwa kijana, pengine miaka thelathini, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Aliketi kwenye benchi la walimu, walimu wakakumbuka kazi nyumbani. Nikanywa, nikampa. Akanywa ya padri, akanywa tena. "Hii mumetoa wapi?" Shangazi akasema ni kasiksi tu, komanda. "Minye najua kasiksi." Alikuwa na ulimi, mtu yule, lazima nikubali. Aliisikia ndimu, aliisikia zabibu, alizitaja bila kuambiwa. Nilimchukia zaidi kwa hilo. Akawa anakuja kila Jumapili alasiri, na kwa sababu alikuja, nyumba yetu haikuibiwa tena, na mlango wetu laini ulitosha. Shangazi alilijua hilo, nami nililijua: kopo lile lilikuwa ndilo ukuta wetu. Mradi ninywe kwanza, na yeye anywe baada yangu, tulikuwa watu.

Jumapili ya tatu au ya nne alikuja na wageni, wanajeshi wenzake. Nilipomeza, alinipiga begani mbele yao, akasema, "Munaona? Huyu njo mbwa yangu ya sumu. Akibaki nasimama, tunakunywa." Wakacheka. Nikacheka pia, maana ndivyo unavyofanya. Shangazi hakucheka. Usiku ule alinipakulia samaki, mukeke mkubwa kuliko wake.

Juma lililofuata watu walianza kufika Kalundu kwa miguu kutoka kusini, wameungua. Sitasema mengi juu yao. Mama mmoja alikaa kwenye baraza letu siku nzima, amebeba mlango wa kabati, mlango tu, hakumwambia mtu kwa nini. Na Jumapili, saa tisa, komanda akaja na buti zenye udongo mwekundu wa barabara ya kusini, mchangamfu, peke yake na askari mmoja. Papa Lukeba alikuwa ndani akiyageuza mapipa. Shangazi alijaza mtungi, ya padri, ile iliyokuwa imefikisha mwezi wa tano, tuliyokuwa tumeitunza. Nikamimina kopo. Komanda akasema, "Haya, mbwa yangu."

Nimejieleza jambo hili kwa namna nyingi. Kwa miaka nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya mama wa mlango wa kabati, kwamba kunywa kwanza ni kumwambia mtu "wewe ni mgeni wangu", na sikuweza kumwambia hivyo yule. Labda. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, na nadhani ni lile neno mbwa. Niliweka kopo mezani. Nikasema, "Minye sitakunywa leo."

Kulikuwa na nzi juu ya meza, nakumbuka alitembea. Komanda hakukasirika. Alivuta mkono wake akauweka gotini. "Kwa nini?" Shangazi akajibu haraka, "Iko na malaria, komanda. Anameza dawa, wamemukataza pombe." Komanda akanitazama usoni, nikiwa mzima, ngozi imenawiri, nimetoka kuchota maji. "Malaria," akasema. "Basi weye mama, kunywa." Na shangazi akanyoosha mkono. Naapa aliunyoosha. Ukafika nusu ya meza, ukasimama. Ni pumzi moja tu, mtu anayekumbuka magoti yake mbele ya kanisa. Lakini komanda aliiona pumzi ile, na askari wake aliiona, na bunduki ikashuka begani.

Papa Lukeba akatoka nyuma akijifuta mikono. Alikuwa amesikia yote, kuta zile za udongo zilipitisha sauti pande zote. "Leta," akasema. "Minye njo niliziba hizi mapipa, minye njo nitakunywa." Akalichukua kopo, akalimaliza mpaka chini, akaligeuza kuonyesha ni tupu. Akamimina la pili, akalimaliza pia. "Inakomaa," akasema, kwa sauti yake ya kila siku. Komanda akatikisa kichwa taratibu. "Muzee anaweza kukubali kufa, haimuumizi. Na sumu ya hapa najua, haifanye haraka. Tutamuweka siku tatu. Kama hakufa, pombe iko muzuri, atarudi." Shangazi akaanza kusema. "Mama," akamkatiza, "minye sijaua mutu. Tunangoya tu." Akachukua mtungi, na Papa Lukeba akatangulia mbele yao. Alipopita mlangoni aliugusa kwa kiganja, kama fundi anavyogusa kazi ya mwenzake, akainama kidogo maana alikuwa mrefu.

Wakamweka ndani ya kontena la chuma bandarini Kalundu. Ulikuwa mwezi wa tisa, kabla ya mvua, jua lile ambalo hata mbwa hawavuki barabara. Jumatatu tulimpelekea ugali na maji. Mlinzi alipokea, akala ugali mbele yetu, maji akayamwaga miguuni mwake kupoza buti, akasema mgonjwa anayengojewa hapewi kitu, kitaharibu majibu. Tulimsikia akigonga kutoka ndani. Mara tatu, kimya, mara tatu. Shangazi alimwita, naye akajibu, sauti imepotelea kwenye chuma, hatukuelewa neno. Jumanne aligonga mara chache. Shangazi alipiga magoti mbele ya mlinzi, akasema pombe aliipika yeye, wamchukue yeye, mlinzi akamwambia, "Mama, hii si mambo ya kupika tena." Nilisimama nyuma yake. Ningeweza kusema: sina malaria, nilikataa tu, leteni kopo, nitakunywa mbele yenu sasa hivi. Maneno yalikuwa mdomoni, mdomo ule uliosifiwa. Niliangalia kutu kwenye pembe ya kontena. Jumatano hakugonga.

Wapagazi walimleta Kimanga jioni ile kwa mkokoteni, wamemfunika turubai. Tulimzika Alhamisi asubuhi. Shangazi hakulia, na mimi, nilipomwona halii, nikajifunza namna inavyofanywa. Tulirudi, tukapika maharage, tukala. Mtu aliwasha redio.

Jumapili, saa tisa, yule askari alikuja peke yake. Alikuwa amebeba mtungi wetu, mtupu, umeoshwa. Alivua kofia mlangoni, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Mama, komanda anakusalimia. Anasema muzee hakukufa na sumu, alikufa na joto. Pombe haikuwa na kintu. Anasema pole. Anaomba ingine, ile ya padri." Nikasikia shangazi anapumua. Akaupokea mtungi, akaingia nyuma, nikasikia kizibo kinatoka na kasiksi inashuka. Akarudi, akauweka mezani, akamimina kopo. Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimekwisha kuamua, ningekunywa hata kama angeniita mbwa mara mia, ningekunywa kila siku ya maisha yangu. Shangazi alilisogeza kopo mbali na mkono wangu, si kwa ukali, kama unavyomsogezea mtoto chungu cha moto. Akaliinua. Akanywa. Miaka kumi na moja, na akanywa lote, funda baada ya funda, macho yake kwenye uso wa askari. Akafuta mdomo kwa kitenge. "Mwambie iko muzuri," akasema. Askari akachukua mtungi, akaenda.

Nilingoja aniambie kitu. Ningepokea kofi kwa shukrani. Aliliosha kopo, akaligeuza kukauka, ndipo akanigeukia. "Ingia ndani ulale, mutoto yangu. Uko na malaria." Nikasema, "Shangazi, mimi sina..." "Uko na malaria," akasema, na akanishika paji la uso kwa mgongo wa mkono kama mtu anayepima homa, akatikisa kichwa, akanitandikia mkeka. Nililala siku mbili. Aliniletea uji na vidonge, nikavimeza.

Tangu hapo alikunywa kwanza yeye, kila mtungi, mpaka vita ilipotulia na mapipa yakaoza, na kanisani hakupanda tena mbele kuimba, alikaa benchi la mwisho. Hakuniomba tena nimwambie pombe ikoje. Na kila mtu aliyeuliza juu ya Papa Lukeba alimpa jibu moja, kwa miaka ishirini na zaidi: Sifa alikuwa na malaria siku ile, maskini, angeweza kufanya nini. Aliwaambia jirani, alimwambia mchungaji, aliwaambia ndugu wa Papa Lukeba. Aliniambia mimi mwenyewe kwenye simu, kila mwaka mwezi wa tisa, bila mimi kuuliza. Jumanne ile ya mazishi yake, mtu alishika kipaza sauti akasimulia maisha yake, akafika pale, nami nikamsikia, upepo ukivuma kwenye simu, akiwaambia waombolezaji wote kwamba msichana wa nyumbani alikuwa anaumwa malaria. Wakaitikia, pole. Sasa shangazi yuko chini, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa kwenye meza ile ambaye naweza kumpata. Kwa hiyo naandika mimi. Sikuwa na malaria. Nilikuwa mzima kabisa.